Je, methadoni ni kubadilisha kilevi tu?

SWALI: Mdogo wangu alitumia heroini kwa miaka sita. Huu ni mwaka wa pili anakwenda Muhimbili kila asubuhi kunywa methadoni, lakini majirani wanasema ametoka ulevi mmoja akaingia mwingine. Dawa hii inafanya nini hasa kwenye ubongo?

JIBU LA MFAMASIA: Dada, pole kwa maneno hayo, ambayo familia nyingi zimeyabeba tangu huduma ya methadoni ianze Muhimbili mwaka 2011.

Ni kweli kwamba heroini na methadoni hushika mahali pamoja, yaani vipokezi vya myu vilivyo juu ya seli za ubongo. Kinachozitofautisha ni mwendo. Heroini ikidungwa hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, hugeuka kuwa mofini na kuvivamia vipokezi kwa mkupuo, dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta hisia ya raha, ikafurika, na hiyo ndiyo “stimu”. Saa chache baadaye vipokezi hubaki vitupu, na arosto inaanza: miayo, kamasi, kuhara, maumivu ya viungo. Methadoni inayonywewa hufyonzwa polepole, na kwa watu wengi nusu ya dozi bado imo mwilini baada ya saa 24, kwa hiyo vipokezi hukaa katika hali moja usiku na mchana, hakuna mpando wala mporomoko. Dozi ikishafikia kiwango chake, hata heroini ikiongezwa juu yake stimu ya zamani haiji, ingawa mchanganyiko huo, kama ule wa methadoni na pombe, unaweza kuzima pumzi.

Sitakuficha kwamba mwili wake unaitegemea dawa hii, na akiikatiza ghafla atapata arosto. Lakini mtu anayeamka, akanywa dozi yake na kwenda kazini hayuko sawa na yule anayeusaka unga mara tatu kwa siku, na mimi siwezi kuyaita mambo hayo mawili kwa jina moja.

Jambo moja naomba ulifuatilie. Akianzishiwa dawa za kifua kikuu, mojawapo, rifampisini, hulichochea ini livunje methadoni kwa kasi, na arosto inaweza kumrudia ingawa hajakosa dozi hata siku moja. Msimshuku kwamba anasingizia. Awaeleze wahudumu wa kliniki mapema ili wampandishie dozi, na rifampisini ikikoma waishushe taratibu, kwa sababu kiwango kile kile kitakuwa kikubwa mno kwake.