Wasomaji Wauliza: Viwanda Vitatu, Tanuri Moja

Swali: Ndugu Mhariri, napakia saruji hapa Wazo kila siku. Nimesikia kuna mji mdogo Urusi, Pikalyovo, ambao kufikia mwaka 2009 viwanda vyake vitatu vilikuwa vimesimama vikifuatana. Vya saruji, alumina (unga wa kutengenezea aluminiamu) na magadi, kila kimoja na mwenyewe. Iweje kimoja kikiugua vyote vilale? (Dereva, Tegeta)

Jibu: Ndugu dereva, ni vitatu kwenye karatasi tu. Vilijengwa enzi za Wasovieti kama mtambo mmoja. Alumina ya kwanza ilitoka mwaka 1959. Mji huo wa watu 20,000 hivi, mashariki ya St. Petersburg, una mawe ya chokaa kama ya kwenu Wazo. Nefelini, jiwe lenye alumina, huletwa kwa treni kutoka rasi ya Kola, na ni mabaki ya machimbo ya malighafi ya mbolea.

Mawe hayo mawili husagwa na maji kuwa uji, ukachomwa kwenye tanuri la kuzunguka kwa nyuzi 1,300 hivi. Chokaa hukamata silika (madini ya mchanga) iliyomo kwenye nefelini. Alumina hushikana na sodiamu na potasiamu. Donge lililoiva huvunjwa na kuoshwa: alumina huondoka na maji, chini hubaki tope la kijivu. Maji hayo hupulizwa hewa ya ukaa itokayo kwenye tanuri lenyewe, alumina ikatuama. Maji yanayobaki ndiyo magadi na potashi (chumvi ya potasiamu). Tope ndilo hufanywa saruji.

Baadaye viwanda vikagawanywa kwa wamiliki tofauti, wakagombania bei ya nefelini. Mdororo wa 2008 ulipoua soko la saruji, mnyororo ukakatika. Mtambo wa kupasha maji ya mji mzima nao ulikuwa wa kiwanda cha alumina; deni la gesi likakata maji moto mwezi Mei. Tarehe 2 Juni wananchi wakafunga barabara kuu ya Vologda. Siku mbili baadaye akafika Vladimir Putin, wakati huo Waziri Mkuu, akamtaka tajiri Oleg Deripaska, mwenye kiwanda cha alumina, asaini mkataba wa malighafi mbele ya kamera, kisha akamdai kalamu yake. Sinema nzuri, lakini kilichowasha tanuri ni kupatikana kwa nefelini.

Swali: Kwa nini wasiuze alumina tu, mengine wakamwaga? (Mwanafunzi, Mabibo)

Jibu: Piga hesabu. Nefelini ina alumina chini ya asilimia 30. Boksiti nzuri, jiwe la kawaida la kutoa alumina, hufika 50. Tani moja ya alumina hula kama tani 4 za nefelini na chokaa nyingi kupita hiyo, na yote lazima ichomwe. Mafuta ya tanuri hilo hayalipwi na alumina peke yake. Tani hiyo moja huja na saruji ya tani 9 hadi 11, magadi zaidi ya nusu tani, na potashi kidogo, na humo ndimo faida ilimo.

Kumwaga nako si rahisi. Tope likirundikwa hushikamana na kuwa gumu, maana ni saruji nusu. Maji ya magadi ni makali, hayatiwi mtoni. Matangi yakijaa, uoshaji husimama, na tanuri halina budi kuzimwa.