Kijana hapigi mpira: klabu ya besiboli imwache lini?

SWALI: Naishi Kent, karibu na Seattle. Mimi nimekulia Mombasa na soka, besiboli nimefundishwa na wanangu wawili ambao hawaambiwi kitu kuhusu Mariners, klabu ya Seattle. Walimpenda sana Jarred Kelenic. Tuliambiwa atakuwa nyota, akashindwa kupiga, mwishowe akapelekwa klabu ya Atlanta. Tena nasikia Justin Smoak na Chris Taylor nao waliondoka hapa hapa wakionekana hawafai, wakaenda kung'ara kwingine. Je, kuna kipimo cha kitaalamu kinachoiambia klabu kwamba sasa basi, au wanabahatisha? Na la pili: wale vijana wa Uganda waliosajiliwa na Dodgers wa Los Angeles watavumiliwa kwa muda gani?

JIBU: Vipimo vipo, kaka, lakini si ile namba unayoonyeshwa kwenye runinga kila mtu anaposhika gongo. Wastani wa mapigo, yaani hizo .181 na .250 na .300 (.250 ni kupiga na kufika besi salama mara moja katika kila nafasi nne), ndiyo namba inayodanganya kuliko zote ukiitumia kwa kijana. Chukua mpigaji ambaye uwezo wake halisi ni .250, umpe nafasi 100 za kupiga. Hesabu za bahati peke yake zinaweza kumweka popote kati ya .207 na .293, na mara moja katika kila tatu atatoka hata nje ya mipaka hiyo, bila yeye kuwa bora wala mbovu kuliko jana. Tofauti ya .250 na .300 katika nafasi 100 ni mapigo matano tu. Mipira mitano iliyompita mlinzi kwa hatua moja, au haikumpita.

Wanao watakumbuka Aprili ya 2022. Julio Rodríguez alimaliza mwezi wake wa kwanza wa ligi kuu bila homrani hata moja (mpira unaopigwa hadi nje ya uwanja), na alikuwa akitolewa kwa straiki tatu (kila straiki ni mpira halali aliouacha au aliourushia gongo akaukosa) karibu kila siku. Waliotazama kwa makini waliona kwamba mipira mingi aliyohesabiwa straiki ilikuwa imepita nje ya eneo halali. Jicho lake lilikuwa sahihi, waamuzi ndio hawakuwa naye. Homrani ya kwanza ilikuja Mei 1 kule Miami. Alimaliza msimu na 28 na tuzo ya mchezaji mpya bora wa ligi yake.

Kwa hiyo sisi tunaofanya kazi hii ya kupima wachezaji tunaanza na namba zinazotulia mapema. Kiwango cha kutolewa kwa straiki tatu huanza kuaminika baada ya zamu 60 hivi za kupiga. Kiwango cha kupewa besi ya bure, yaani pale mrushaji, anayemtupia mpigaji mpira, anapokosa eneo halali mara nne, kwenye 120 hivi. Homrani zinahitaji zamu 170 au zaidi. Wastani wa mapigo, ule unaopendwa na watangazaji, unataka nafasi zaidi ya 900 (zamu ni kila ujio wa kupiga, nafasi huacha nje zile za besi ya bure), ambayo ni karibu misimu miwili kamili. Kisha kuna kasi ya mpira unapoacha gongo. Tangu 2015 viwanja vyote vya ligi kuu vinapima jambo hilo kwa mfumo wa Statcast, na mpira unaotoka kwa maili 95 kwa saa au zaidi (kilomita 153) unahesabiwa kuwa umepigwa kwa nguvu. Nguvu hiyo haiji kwa bahati.

Aaron Judge alipoingia New York Yankees mwaka 2016 alicheza mechi 27, akapiga .179, na katika nafasi 84 za kupiga alitolewa kwa straiki tatu mara 42. Nusu kamili! Angehukumiwa kwa hizo angerudi ligi ndogo, yaani ligi za chini ambako klabu hulea wachezaji, na kusahauliwa. Lakini mipira michache aliyoigusa ilikuwa ikitoka kama risasi, na kasoro yake ilikuwa moja na inayojulikana. Mwaka uliofuata alipunguza kutolewa kwa straiki hadi chini ya theluthi ya zamu zake, akapiga homrani 52.

Sasa Kelenic. Hapa sitamtetea kwa bahati, kwa sababu ukijumlisha 2021 na 2022 alikuwa na zamu zaidi ya 550 na wastani wa .168. Mwaka wa kwanza alipitisha nafasi 39 mfululizo bila pigo hata moja. Mwaka wa pili theluthi ya zamu zake ziliishia kwenye straiki tatu, na warushaji wote wa ligi walikuwa wameshajua dawa yake: mipira inayopinda na ile ya polepole. Hilo lilikuwa shimo halisi kwenye upigaji wake. Mbona basi hawakumwacha hapo?

Swali tunaloulizana ndani ya chumba cha kazi, baada ya namba zote, ni hili: amebadilisha nini? Mchezaji aliyeshindwa akaja na mwendo uleule wa gongo, msimamo uleule na mazoea yaleyale ya kufukuza mpira wa nje, hana sababu ya kupata matokeo mengine. Aliyebadilisha mwendo wa gongo ni kama mchezaji mwingine, na takwimu zake za zamani zinapungua thamani mara moja. Kelenic alifanya kazi kubwa ya kubadilisha upigaji wake kabla ya msimu wa 2023, na alianza mwaka huo vizuri sana. Alikuwa na miaka 23. Kumwacha mtu wa umri huo katikati ya mabadiliko ungekuwa uzembe.

Mfano ninaoutumia sana ni J.D. Martinez. Alikuwa Houston Astros, mpigaji wa kawaida tu hadi 2013. Akautazama upigaji wake, akaujenga upya wakati wa mapumziko ya msimu, akarudi kambini mwaka 2014 akisema nipeni nafasi mwone. Walimpa nafasi 18 za kupiga katika mechi za maandalizi, kisha wakamwachia Machi ya mwaka huo. Detroit Tigers wakamchukua bure, akapiga .315 na homrani 23 mwaka uleule. Klabu iliyokuwa ikisifiwa kwa takwimu kuliko zote ilimhukumu mtu mpya kwa faili la mtu wa zamani. Mimi naona hilo ni kosa la kitaalamu, tofauti na kukosa bahati.

Chris Taylor wenu yuko karibu na hapo, ila lawama ni ndogo. Mariners walimbadilisha na mrushaji Zach Lee wa Dodgers mwezi Juni 2016. Taylor alikuja kubadilisha mwendo wa gongo lake baada ya msimu huo, akiwa tayari Los Angeles na akiwa na walimu wengine. Mwaka 2017 akapiga homrani 21 na kugawana na Justin Turner tuzo ya mchezaji bora wa fainali ya ligi ya National, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Lee hakurusha hata mechi moja ya ligi kuu kwa Mariners. Inauma, lakini Taylor aliyeuzwa hakuwa yule aliyepiga homrani 21.

Smoak naye msimlilie. Aliletwa 2010 kwenye biashara ya kumtoa mrushaji Cliff Lee, akapewa zaidi ya miaka minne, akaondoka kwenda Toronto mwishoni mwa 2014. Zile homrani 38 za Toronto zilikuja 2017 akiwa na miaka 30. Ili kuzipata, Seattle ingelazimika kuvumilia misimu mingine miwili ya kawaida na kulipa mshahara unaopanda. Hakuna klabu inayofanya hivyo, na haikupaswa.

Jambo ambalo mashabiki wengi hawalijui ni kwamba tarehe ya kuachana mara nyingi haipangwi na kocha, inapangwa na kanuni. Klabu ya ligi kuu ina wachezaji 26 wa mechi, ndani ya orodha pana ya watu 40. Aliye kwenye orodha ya 40 anaweza kushushwa ligi ndogo na kupandishwa tena katika misimu mitatu. Kila msimu anaotumia siku 20 au zaidi huko chini unakula opsheni moja, yaani ruhusa moja ya kumshusha. Zikiisha zote tatu, klabu ikitaka kumshusha lazima kwanza imtangaze kwa klabu nyingine zote, na inayomtaka inambeba. Hapo uvumilivu unakuwa ghali ghafla. Ama umweke juu anashindwa hadharani, ama umtoe bure.

Ndicho kilichomkuta Brandon Wood wa Angels. Mwaka 2005 alipiga homrani 43 katika daraja la A, ngazi ya chini ya ligi ndogo, na kila mtu aliamini ndiye nyota ajaye. Kufikia 2010 opsheni zilikuwa zimekwisha, wakalazimika kumpanga, akapiga .146. Mwaka uliofuata walimtangaza na klabu ya Pirates wakamchukua. Alimaliza kazi yake ya ligi kuu na wastani wa .186 na homrani 18. Angels hawakukosea kumwacha. Kama kuna kosa, ni kwamba miaka ambayo angeweza kushindwa kimyakimya ligi ndogo huku akirekebishwa ilikuwa imeshatumika.

Na kushusha si kukata tamaa. Roy Halladay, mrushaji wa Toronto, mwaka 2000 aliruhusu mikimbio 10.64 kwa kila vipindi tisa, moja ya misimu mibaya kuliko yote iliyowahi kuandikwa kwa mrushaji aliyetumika kiasi kile. Machi iliyofuata hawakumshusha ngazi moja. Walimtupa hadi daraja la A kule Dunedin, mahali pa watoto. Hapo mwalimu Mel Queen alimbomoa na kumjenga upya: mkono ukashushwa usitokee juu kabisa, mpira wake ukaanza kucheza badala ya kwenda moja kwa moja kama uzi. Alirudi juu mwezi Julai 2001. Tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora aliitwaa 2003 na tena 2010, na 2019 akaingizwa Ukumbi wa Mashujaa. Tazama mambo matatu yaliyokutana: kasoro ilitajwa kwa jina, kulikuwa na mtu anayejua kuirekebisha, na klabu ilikuwa na nafasi ya kumweka huko chini bila kumpoteza. Likikosekana mojawapo, kijana huyo anakwisha.

Kansas City walifanya kitu cha aina hiyo kwa Alex Gordon, aliyechaguliwa wa pili kitaifa mwaka 2005 na kudorora kama mlinzi wa besi ya tatu. Mwaka 2010 wakamshusha Omaha, timu yao ya ligi ndogo, wakamfundisha kucheza uwanja wa kushoto. Mwaka 2011 alipiga .303, na katika maisha yake alibeba Gold Glove, tuzo ya mlinzi bora, mara nane.

Kwa nini basi Mariners hawakuendelea na Kelenic, baada ya 2023 ambao haukuwa mbaya? Nusu ya jibu ni hali ya klabu. Timu inayopoteza mechi 100 inaweza kumpa kijana zamu 600 za kujifunzia, haina cha kupoteza. Seattle ilikuwa imerudi kwenye mtoano 2022 kwa mara ya kwanza tangu 2001, na kwa timu ya namna hiyo zamu 600 dhaifu zinaweza kuwa ndizo tofauti ya kuingia na kubaki nje. Nusu ya pili ni fedha. Desemba 2023 walimtoa pamoja na Marco Gonzales na Evan White, wawili waliokuwa na mikataba mizito, wakapokea warushaji wawili wachanga. Kelenic ndiye aliyekuwa asali ya kumfanya mnunuzi ameze ile mikataba. Ule mguu aliouvunja Julai kwa kupiga teke ndoo ya maji haukumsaidia kwenye meza ya mazungumzo. Kwa maoni yangu walimuuza kwa sababu isiyo ya kiufundi, lakini kiufundi hawajaumbuka: kule Atlanta alipiga .231 mwaka 2024, na msimu wa 2025 haukufika mbali akashushwa Gwinnett, timu yao ya ligi ndogo. Waambie wanao hivyo, kwa upole.

Kuhusu vijana wa Uganda. Wawili walisajiliwa na Dodgers mwaka 2022, na Pirates nao walimsajili mrushaji Mganda, David Matoma. Hawa wana saa tofauti kabisa. Opsheni haziwahusu mradi hawajaingia kwenye orodha ya 40. Kinachowahusu ni idadi: tangu 2024 kila klabu inaruhusiwa wachezaji 165 tu wa ligi ndogo ndani ya Marekani, wakati kabla ya hapo walikuwa 180, na kila mwaka linaingia kundi jipya linalotaka nafasi. Mtu anaweza kuachwa Machi yoyote ile. Mrushaji anavumiliwa zaidi, maana kasi ya mkono inapimika siku ya kwanza na haihitaji historia. Mpigaji aliyeanza mchezo akiwa mkubwa ana deni la maelfu ya mipira ambayo mwenzake wa Dominika ameiona tangu utotoni, na deni hilo halilipwi kwa misimu miwili.

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pirates mwaka 2008 na kuingia ligi kuu Aprili 26, 2017, mchezaji wa kwanza kutoka Afrika kufika huko. Miaka yote hiyo hakuwa akipiga vizuri. Walimshikilia kwa sababu ya ulinzi wake, ambao ulikuwa wa daraja la juu tangu mwanzo. Kwa hiyo mkiwafuatilia hawa wa Uganda, msihangaike na wastani wa mapigo. Angalieni kama kuna kitu kimoja wanachokifanya kwa kiwango cha ligi kuu tayari, kama kutolewa kwa straiki kunapungua mwaka hadi mwaka, na kama wanapanda ngazi. Anayerudia ngazi ileile kwa msimu wa tatu, huku aliyesajiliwa nyuma yake akimpita, huyo klabu imeshamjibu hata kama barua haijaandikwa.