Maswali yenu: Saundi kadi ya nje inakwaruza, ndo imekufa?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina saundi kadi ya nje ya USB, narekodia sauti kwenye laptopu ya Windows. Mwanzoni iko poa kabisa, baadae inaanza krrr krrr na sauti inakatakata, halafu nikiiacha kidogo bila kucheza kitu sauti inapotea mazima mpaka nichomoe waya nirudishe. Jamaa ananiambia imekufa ninunue nyingine, ni kweli?

JIBU: Salama ndugu yangu. Usinunue kitu kwanza, maana kifaa kinachorudi kila ukichomoa na kuchomeka mara nyingi hakina ugonjwa, ugonjwa uko upande wa kompyuta, na kwako naona ni mawili yamekutana.

La kupotea mazima ndo jepesi. Windows ikiona poti ya USB imekaa kimya inaizima ili ipunguze matumizi ya chaji, sasa kifaa chako kinalazwa na hakiamki vizuri. Ingia kwenye mipangilio ya pawa, tafuta “USB selective suspend”, izime. Kama huioni fungua Device Manager, kwenye kila “USB Root Hub” toa tiki ya kuruhusu kompyuta izime kifaa.

La krrr krrr ndo linataka subira. Sauti haiendi kwenye kifaa kama maji ya mto, inaenda kwa mafungu, na hayo mafungu yanakaa kwanza kwenye bafa, ichukulie kama pipa, kompyuta inajaza huku kifaa kinachota. Bafa ya sampuli 64 (sampuli ni vipande vidogo vidogo vya sauti) kwenye kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde ni kama milisekunde 1.3 tu, kompyuta ikigeuka kidogo kushughulikia kitu kingine pipa limekauka na bomba linakohoa, hiyo ndo krrr unayoisikia. Pandisha bafa mpaka sampuli 256 au hata 512, kwa 512 unapata kama milisekunde 10.7, utasikia ucheleweshaji kidogo kwenye hedfoni wakati unarekodi lakini kifaa kama kina swichi ya kujisikiliza moja kwa moja tumia hiyo. Na tumia draiva (programu inayounganisha kompyuta na kifaa) ya ASIO, ile ya sauti isiyochelewesha sana, ya waliotengeneza kifaa chenyewe kama ipo, hilo kwangu halina mjadala.

Bado inakwaruza? Zima waifai ujaribu tena. Mimi niliwahi kuhangaika na kifaa cha mteja usiku kucha, nimebadilisha waya, nimebadilisha poti, kila baada ya sekunde chache krrr, nilipozima waifai tu ikanyamaza palepale, draiva ya waifai ilikuwa inaishika kompyuta muda mrefu kuliko bafa inavyoweza kuvumilia. Tuliweka draiva mpya ikaisha. Na ukiwa unapitishia kwenye kigawanyio cha USB chenye flashi na diski juu yake, toa, chomeka kifaa moja kwa moja kwenye laptopu.

Angalia pia programu unayorekodia na Windows zote ziwe kwenye kasi moja ya sampuli kwa sekunde, ama 44,100 ama 48,000, zikipishana unaweza kupata mikwaruzo, au sauti ikatoka nzito au nyembamba kuliko ilivyo.

Ila ukisikia mvumo wa mmmm usiokatika, hilo ni jingine, chomoa chaja utumie betri. Mvumo ukiisha basi ulikuwa unapitia kwenye umeme. Nakuomba sana usikate ile pini ya ethi ya chaja kama wengine wanavyoshauri, inakulinda wewe usipigwe shoti, bora uchomeke laptopu na spika kwenye ekstensheni moja.

SWALI: Maikrofoni yangu inasikika sikio la kushoto tu, kadi mbovu?

JIBU: Hapana, nzima. Tundu namba 1 linaingia kushoto na namba 2 kulia, na programu yako inarekodi stirio, yaani kushoto na kulia kila upande na sauti yake. Badilisha treki iwe mono, chagua ingizo namba 1, itasikika pande zote.