Nukta zinazotua mbali na seli uliyobofya katika napari

Ndugu, umeuliza kwa nini nukta unazoweka kwa kipanya katika napari, programu ya Python ya kutazama picha za kisayansi, hutua mbali na seli uliyobofya, ilhali picha yako ya hadubini ina mihimili minne: muda, Z, Y na X. Nami nilihangaika na jambo hilo hilo kwa siku kadhaa, nikikilaumu kipanya bure.

Nafasi inayoletwa na event.position, yaani taarifa ya mahali ulipobofya, imo katika vipimo halisi, kwa mfano mikrometa, wala si hesabu ya pikseli. Tuseme hatua za mihimili yako, yaani kigezo cha scale, ni 1, 2, 0.5 na 0.5, nawe umebofya penye (3, 20, 100, 50). Pikseli unayoitafuta ni (3, 10, 200, 100). Usiikokotoe mwenyewe, kwa maana picha ikisogezwa au kuzungushwa utakosea tena. Ipitishe nafasi hiyo kwenye world_to_data ya tabaka la picha, inayogeuza vipimo halisi kuwa pikseli. Kisha lipe tabaka la nukta scale ile ile. Mimi nilisahau, na nukta niliyoiweka kwenye kina cha 20 ikaenda kukaa kwenye kina cha 10, nami nikabofya tena na tena nikidhani haijawekwa.

Kuhusu kubofya na kuburuta, andika kitendakazi chenye yield, neno la Python linalokisimamisha kwa muda hadi tukio lijalo: kilicho kabla ya yield ya kwanza hutendeka kitufe kinapobonyezwa, kitanzi cha mouse_move hufuata mwendo, na kilicho baada yake husubiri kitufe kiachiwe. Mkono hutetemeka, kwa hiyo mimi hulinganisha nafasi ya mwanzo na ya mwisho kabla ya kuamua kwamba mtumiaji ameburuta. Na ikiwa hutaki picha itembee unapochora, weka mouse_pan ya tabaka, yaani ruhusa ya kusogeza picha kwa kipanya, iwe False, uirudishe mwishoni.

Ukigeuza mwonekano kuwa wa pande tatu, kubofya hakuonyeshi tena nukta moja, bali mwale unaopenya picha nzima. Kwa get_ray_intersections utapata mahali mwale unapoingia na unapotokea, kisha utafute pikseli angavu zaidi katikati yake. Njia hiyo hufaa seli zikiwa zimeachana. Zikisongamana, seli angavu iliyo nyuma huchukua alama ya iliyo mbele, na hapo mimi hurudi kuweka alama kipande kwa kipande.