Kumchagua mbunge Kenya: lini, na kwa kura ngapi?

Ndugu yangu, umeuliza kama mbunge naye lazima afikishe asilimia 50 na kura moja, na kama uchaguzi hufanyika siku yoyote Serikali ikiamua. Majibu ni la, yote mawili.

Tarehe haipangwi na mtu. Katiba ya 2010 imeshaitaja: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Mwaka 2022 iliangukia Agosti 9. Ijayo ni Agosti 10, 2027.

Sharti la asilimia 50 ni la rais. Mbunge hushinda kwa kumpita anayemfuata, hata kwa kura moja. Wagombea wakiwa 15, aliyepata robo tu anaweza kula kiapo. Mimi hilo hunikera, lakini ndiyo sheria.

Kinachowachanganya wengi ni karatasi zenyewe. Kituoni unapewa sita. Mwaka 2022 ya mbunge wa eneobunge ilikuwa ya kijani, na kuna nyingine ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Hao wawili wote huketi Bunge la Taifa: 290 wa maeneobunge, 47 wanawake wa kaunti. Wengine 12 huteuliwa na vyama kulingana na viti vilivyoshinda, kwa hiyo usiwatafute kwenye karatasi. Seneta ana karatasi yake.

Kiti kikibaki wazi katikati ya muhula, Spika huijulisha IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ndani ya siku 21, na uchaguzi mdogo hufanyika ndani ya siku 90 tangu kiti kiwe wazi.