Maswali ya Wasomaji: Paka wa Simu na Paka wa Filamu

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mwanangu ana umri wa miaka minne na hupenda mno kuzungumza na yule paka wa simu anayerudia maneno kwa sauti nyembamba. Majuzi dada yake alimfungulia filamu za katuni za paka huyohuyo. Nilidhani zitamfurahisha zaidi, lakini baada ya dakika chache alianza kumgombeza paka kwamba hamjibu, kisha akaangua kilio. Je, filamu hizi zinamfaa mtoto wa umri wake?
Mzazi, Lanet, Nakuru

JIBU: Mama, mwanao ameona jambo ambalo watu wazima wengi hawalioni, kwamba hawa ni paka wawili wenye jina moja. Programu ya Talking Tom ilitolewa mwaka 2010 na Outfit7, kampuni iliyoanzishwa nchini Slovenia mwaka uliotangulia, na ndani yake Tom hana hadithi yoyote. Ukisema, naye husema, ukimpiga, huanguka, ukimpa maziwa, hunywa. Mtoto ndiye mwenye mazungumzo, na paka ni mwangwi wake tu.

Kampuni ilipoamua kutengeneza mfululizo wa Talking Tom and Friends, ulioanza kuonyeshwa YouTube mwezi wa Aprili 2015 na kuendelea kwa misimu mitano hadi mwaka 2021, waandishi walilazimika kumpa mwangwi huo tamaa, woga, marafiki na jirani msumbufu, kwa sababu kiumbe asiyetaka kitu hawezi kubeba kisa cha dakika 11. Ndipo Tom akawa kijana anayeunda mitambo na programu za simu pamoja na rafiki yake Ben, mbwa mwenye akili nyingi za kisayansi, wakitarajia kupata umaarufu. Angela akawa mwenye ndoto ya kuwa mwimbaji. Hank akawa mpenzi wa runinga na chakula. Naye Ginger, paka mdogo wa jirani, akapewa kazi ya kuwavurugia mipango. Sauti ya Tom katika toleo la Kiingereza ni ya mwigizaji wa Marekani Colin Hanks.

Utaona basi kwamba hii ni vichekesho vya vijana wanaohangaika na biashara, wivu na mapenzi yasiyotamkika, ingawa wamevikwa manyoya. Mtoto wa miaka minne atacheka Tom akianguka, lakini sababu ya kuanguka kwake itampita. Kwa maoni yangu, dada yake, ikiwa amefika miaka saba au minane, ndiye mtazamaji hasa, nawe ukae naye vipindi vichache vya mwanzo uone kama mzaha wa wapenzi unakuridhisha. Kwa huyu mdogo, tafuta Akili and Me, katuni za shirika la Ubongo la Dar es Salaam, ambazo zimetungwa kwa watoto wa miaka 3 hadi 6 na zinapatikana kwa Kiswahili. Kumbuka pia kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 2 hadi 4 asiketi mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na hiyo saa moja hujumlisha simu na runinga pamoja.

SWALI: Katika kundi letu la WhatsApp la chama umesambazwa ujumbe kwamba ndani ya macho ya Angela, yule paka jike, amejificha mwanamume anayewatazama na kuwapiga picha watoto. Mume wangu ameifuta programu na sasa amepiga marufuku hata filamu. Je, ni kweli?
Mama wa watoto watatu, Kondele, Kisumu

JIBU: Si kweli, dada yangu, na uvumi huo ni mkongwe. Ulienea Facebook mwaka 2013, ukafufuka mwanzoni mwa 2014, na tangu wakati huo hubadilishiwa maneno machache ukasambazwa upya. Chanzo chake ni kwamba programu ya Talking Angela iliruhusu kuandikiana na paka huyo, naye alijibu kwa namna iliyowashtua wazazi. Majibu hayo yalitolewa na kompyuta kwa kufuata maneno yaliyoandikwa, na hapakuwa na mtu upande wa pili.

Hata hivyo, mumeo hakukosea kuitilia shaka programu. Alichokosea ni kuihukumu filamu kwa makosa ya programu. Filamu haikusikilizi wala haikuulizi jina. Programu ndiyo inayoomba ruhusa ya maikrofoni, inayouza sarafu za mchezo kwa fedha halisi na inayoingiza matangazo ambayo mzazi hakuyachagua. Mwaka 2015 mamlaka inayosimamia matangazo nchini Uingereza ilikemea tangazo la tovuti ya watu wazima lililojitokeza ndani ya mchezo wa Tom, na hilo linanitia wasiwasi kuliko macho ya Angela. Mkiirudisha, mzime data kabla ya kumpa mtoto simu, kwani paka huendelea kuongea bila intaneti huku matangazo mengi yakikosa njia, na mweke nywila kwenye ununuzi. Mjue pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Tano. Je, katuni zilizotokana na programu za simu si matangazo tu ya programu hizo? Na je, zinaweza kutumika darasani?
Mwalimu, Kakamega

JIBU: Ni matangazo, mwalimu, na wenye mali hawalifichi hilo. Rovio ya Ufini, iliyotoa mchezo wa simu wa Angry Birds, wa ndege wanaopambana na nguruwe, mwezi wa Desemba 2009, ilipoanzisha Angry Birds Toons mwezi wa Machi 2013 iliziweka katuni hizo ndani ya mchezo wenyewe. Lakini mimi hupima hivi: je, mwanafunzi ambaye hajawahi kuigusa programu ataufuata mkasa? Kwa Tom ataufuata bila shida. Tena kuna kejeli isiyo haba katika kumwona paka aliyezaliwa na programu akihangaika kuwabembeleza watu wapakue programu yake.

Kwa darasa lako ningechagua hizo za Angry Birds, kwa kuwa kila moja haifiki dakika tatu na ndege wake hawasemi lugha yoyote inayoeleweka. Waonyeshe wanafunzi mara mbili, kisha waandike mazungumzo ya ndege na nguruwe kwa Kiswahili, kila kundi likitunga la kwake, na siku itakayofuata wayasome kwa sauti huku katuni ikiendelea.