Mechi Jumamosi, kusafiri Ijumaa? Mkuu, hilo kosa nilishalilipia

Usikate hizo tiketi za Ijumaa. Nimesoma swali lako mara mbili: una vijana 14 wa kriketi hapa Dodoma, mmealikwa Dar mechi mbili, Jumamosi na Jumapili. Unauliza mwende kwa SGR au basi, jezi mshone wapi, na timu ya taifa ya England ilikosea wapi ilipozuru Australia msimu wa 2021/22 ili nanyi msiaibike. Halafu katikati umetupia kimstari kama vile si kitu: "tutaondoka Ijumaa mchana kubana matumizi." Hapo ndipo moyo ulinipasuka.

Mwaka 2018 nilibana matumizi hivyohivyo, nikajiona mchumi. Kuna bwana mmoja wa Dar, aliyejiita mshauri wa ufundi, alinihakikishia kwenye simu: "Kocha, pichi ni pichi, ule ukanda mpira unapodunda ni uleule popote, leta vijana tu." Nikikutana naye leo nampa shikamoo yake, kisha namdai laki mbili na arobaini. Ndizo nilizookoa kwa kutolipia gesti siku mbili zaidi, na ndizo zilizonimaliza.

Kwetu tulikuwa tunachezea udongo mwekundu uliokauka kama tofali. Mpira ukidunda unatambaa, hauvuki goti. Kijana wangu anayeanza kupiga alikuwa na mazoea ya miaka mitatu: mguu wa mbele unatoka, kichwa kinainama, gongo linashuka. Dar tukakuta zulia la kijani limetandikwa juu ya zege. Mpira wa pili tu ukadunda, ukampanda hadi kifuani, puu! Akageuka kunitazama kama abiria aliyepanda daladala ya Kisasa akashushwa Nkuhungu. Uliofuata akarudi nyuma kwa woga, ukagusa ukingo wa gongo, akadakwa. Wenzake wakafuata kwa foleni. Na lile joto la mvuke! Sisi jasho letu hukauka lenyewe. Kule glavu zilikuwa za kukamua.

Tukatolewa wote kwa mikimbio 31, yaani pointi 31 tu. Kumi kati ya hiyo tulipewa bure na warushaji wao, sijui kwa kukosea au kwa huruma. Jumapili tukapata 58, nikawaambia vijana tumeimarika karibu mara mbili. Hakuna aliyecheka. Mfadhili wetu, mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa, alikuwa ameahidi padi na helmeti mpya. Alipotumiwa picha ya ubao wa matokeo akaacha kupokea simu zangu, hadi leo. Sasa piga hesabu ya ile laki mbili na arobaini.

Hao England unaowauliza kosa lao ni hilohilo, ila wao walipanda ndege. Baadhi ya wachezaji walichelewa kwa sababu ya Kombe la Dunia la T20, kriketi ile fupi, kule Falme za Kiarabu, na mechi ya kujipima nguvu Brisbane ikaliwa na mvua. Tarehe 8 Desemba 2021 nahodha wao Joe Root akashinda kurusha shilingi, akachagua kupiga. Mpira wa kwanza kabisa wa mfululizo mzima, Mitchell Starc akamng'oa Rory Burns vijiti. Wakaishia 147. Melbourne wakatolewa kwa 68, Scott Boland wa Australia akabeba wiketi 6, yaani akatoa wapigaji sita, kwa mikimbio 7 tu. Mechi tano, jumla Australia 4-0, na hiyo sare ya Sydney waliipata wakiwa wamebakiza wiketi moja mkononi. Watu wanalalamika warushaji wakongwe Anderson na Broad kuachwa mechi ya kwanza. Hata mimi nililalamika, lakini wale kazi yao ni kurusha. Mikimbio angewatafutia nani?

Linganisha na England ya nahodha Andrew Strauss, 2010/11. Walicheza mechi tatu za maandalizi hukohuko Australia. Ya tatu ilipokuwa ikichezwa Hobart, warushaji wakuu walikuwa wameshatangulizwa Brisbane kuzoea hali ya hewa. Wakashinda 3-1 ugenini, na hizo tatu walizoshinda, zote bila hata kuhitaji kupiga zamu ya pili.

Na usiniambie mtajifua kwenye zege hapahapa Dodoma. Nilijaribu mwaka uliofuata: unaloweka mpira wa tenisi, unaurusha kutoka nusu ya umbali, unateleza na kuruka juu. Unasaidia miguu kidogo, lakini haukupi lile zulia wala ule mvuke, na majirani walinisema kwa kumwaga maji.

Kwa hiyo Jumatano usiku muwe Dar. Alhamisi na Ijumaa waombeni wenyeji vijana wapige juu ya zulia lao, hata saa moja moja. Hela haitoshi? Punguza wachezaji kutoka 14 wabaki 12, siku usiziguse. Treni, basi, fuso la mahindi, shauri yenu, ili mradi ni Jumatano.

Halafu hiyo Jumamosi uliyoandika ni hii au ijayo? Kama ni hii, wapigie sasa hivi waisogeze mbele.